Nusu Kifuniko

Mvua za mwaka huu zilipokatika nilikwenda Handeni kufuatilia hati ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Wewe mwenyewe unayajua mambo ya ofisi: ukifika asubuhi karani hajaja, ukirudi mchana karani ametoka kidogo. Basi nikakaa kwenye benchi la nje na wenzangu wenye mafaili, tukiangalia bodaboda zikishusha watu. Mbele yetu bwana mmoja mwenye buti za mpira alikuwa anafyeka majani kwa ile mashine ya kuning'iniza begani. Ikamzimikia. Akachukua petroli yake kwenye chupa ya maji ya kunywa, akamimina humo oili kwa kukisia tu kwa jicho, akatikisa, akaitia kwenye mashine na kuvuta kamba. Moshi wa buluu ukatambaa mpaka kwenye benchi letu. Mama niliyekaa naye akajifunika pua kwa ncha ya khanga. Mimi nilibaki nimeunusa, na karani alipofika na kuita jina langu, ilibidi aniite mara ya pili. Nilikuwa nimeshafika Magoma, nina miaka kumi, na mkononi nimeshika kidumu.

Siku hizo tulikaa nyuma ya zahanati ya Magoma, kwenye nyumba ya watumishi yenye vyumba viwili, jiko la nje na kijishamba cha mihogo. Baba alifanya kazi huko huko Handeni, akija kwetu mwisho wa mwezi na chupa ya asali au kuku wa kufungwa miguu. Tuliokaa siku zote ni watatu: mama, bibi mzaa mama aliyeshuka kutoka milimani kuja kutusaidia, na mimi. Mama alikuwa nesi. Wakubwa kwa wadogo walimwita Nesi, na mimi shuleni nikawa Mtoto wa Nesi, jina ambalo lilinipa heshima siku za kawaida na maadui siku za sindano.

Kila mwezi mama alikuwa na siku zake za kwenda kuchanja watoto vijiji vya upande wa Kerenge na vitongoji vya juu kilimani. Chanjo alizibeba kwenye sanduku la baridi lililotiwa mapande ya barafu. Lile sanduku lilikuwa limepasuka ubavuni, mama amelizungushia mpira wa baiskeli, na barafu yake ikihimili sana ni mpaka saa saba mchana. Ikishayeyuka, dawa iliyobaki hata iwe nyingi vipi haifai tena kumchoma mtoto. Kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa mbio za kushindana na jua, na chombo alichopewa kushindania ni kipikipiki cha pedeli.

Sijui kama umewahi kuviona. Vilikuwa kama baiskeli iliyokula ikashiba: unakanyaga pedeli mpaka injini inakubali, halafu unakaa. Hiki cha mama kilikuwa cha buluu iliyopauka, kimepita kwa watumishi wengine kabla yake, na kila mmoja alikiacha kimechoka zaidi. Kwenye tambarare kilikwenda. Kikiona kilima, sauti ilishuka kama ya mtu anayesinzia, mama anaanza kukanyaga, kisha anashuka na kusukuma. Sisi watoto tulikuwa tunakipita kwa miguu. Bibi alikitazama siku moja kikipandishwa njia ya zahanati, akasema, "Mwanangu, mimi naona wewe ndiye unayekibeba."

Lilikuwa neno la kuchekesha, ila mama hakucheka. Kule juu kina mama walimsubiri tangu asubuhi na watoto mgongoni, wameacha palizi. Akichelewa, waliotoka mbali waliondoka. Akifika na maji badala ya barafu, aliwaomba radhi mmoja mmoja na kuwarudisha wote. Jioni za namna hiyo alirudi, akanawa, akakaa kwenye kizingiti cha jiko, na bibi alimpakulia bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya mchunga bila kumuuliza lolote.

Ng'ambo ya mihogo yetu aliishi mzee tuliyemwita Babu Fundi. Alikuwa Mzigua wa Handeni, na ujana wake wote aliumaliza kwenye karakana ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, akitengeneza injini. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wake wamerudi kwao Handeni, yeye akabaki Magoma kwa sababu, alisema, ameshazoea maji ya hapa. Zamani watu walimletea pampu, vinu, cherehani, kila chenye skrubu. Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka vibaya, hata kikombe cha chai bibi alimjazia nusu ili asijiunguze. Wenye mashine wakaacha kuja. Yeye akawa anasokota kamba za mkonge barazani, kazi ambayo mikono iliifanya kwa mazoea, na kusikiliza barabara.

Asubuhi moja mama alipita kwake akisukuma, akamsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Nesi. Hicho chombo chako kinakufa kwa kukosa pumzi."

"Nimeambiwa kizee tu, mzee wangu. Hakina dawa."

"Mimi pia mzee, na napumua. Kipitishe hapa mbele mara tatu, nikisikie."

Mama alikipitisha. Babu Fundi alifumba macho, shingo imeinama upande. Mara ya tatu akainua kiganja asimame. Akasema kimeziba pua mbele na nyuma: hewa haiingii sawasawa na moshi hautoki. Mama akasita, akasema ni mali ya serikali, na hapo nadhani macho yake yalikwenda kwenye ile mikono. Mzee akaona. Aliinyoosha yote miwili mbele yake, ikitetemeka kama majani, akasema kwa upole, "Sitakigusa. Utafungua wewe. Mimi nitasikiliza."

Hivyo ndivyo mama alivyokuwa fundi. Jumamosi, mzee akishatoka kuswali adhuhuri, tulitandika magunia uwanjani. Yeye alikaa kwenye kigoda na sanduku lake la spana miguuni, mama alichuchumaa na khanga ameifunga kiunoni, na mimi nilipewa sahani ya bati ya kuwekea kila kilichofunguliwa, kwa mpangilio, mwenye kupoteza nati atakiona. Mama hakuwahi kushika spana maishani mwake. Mzee alimwelekeza kama mtu anayemwelekeza kipofu njia: "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Usiilazimishe, inakuja yenyewe. Unasikia imekuja?"

Kwanza ilitoka ekzosi, lile bomba la moshi. Ilikuwa imejaa masizi yaliyoshikana na oili ya miaka, tundu la kupitisha kidole limebaki la kupitisha kalamu. Mzee akasema dawa yake ni moto, na moto uliokuwa karibu ni wa bibi. Bibi alikuwa na chungu cha kunde mafigani. Yalifuata majadiliano marefu, bibi akiuliza tangu lini bomba la pikipiki likapikwa, na mzee akimjibu kwa heshima zote, "Dada yangu, kunde zitakula moto wake, na hili litakula wake." Mwisho bibi aliinua chungu. Ekzosi iliwaka ndani kwa ndani, ikatoa moshi mweusi mzito, na mama alipoigonga kwenye jiwe yakamwagika mapande kama makaa. Zile kunde tulizila hivyo hivyo na harufu yake. Mpaka leo nikila kunde zisizonukia injini naona kama zimepungukiwa kitu.

Kisha mama akakwangua tundu la moshi kwenye injini yenyewe. Mzee alikataa bisibisi, akasema chuma kitaikwaruza pistoni, akampa kijiti cha mwanzi alichokichonga kabla. Ikaja zamu ya kabureta. Ndani yake mna kijitundu chembamba ambacho petroli yote inapitia, na kilikuwa kimeziba nusu. Nilidhani atatumia waya. Mzee akachomoa uzi mmoja kwenye kamba yake ya mkonge, akaulowesha kwa petroli, akampa mama. "Waya unapanua tundu," alisema, "na tundu likipanuka mashine inakunywa kama mlevi. Mkonge unasafisha, hauumizi." Mama akauingiza na kuutoa, ulimi ameuuma, mpaka alipokiinua kile kipande kwenye jua akaona nukta ya mwanga. Akanipa na mimi nione. Nilikiweka jichoni, nikaona mlima mzima wa Usambara umeingia ndani ya kijitundu kidogo kuliko kichwa cha sindano.

Plagi ilisuguliwa, chujio la hewa likaoshwa kwa sabuni. Mwisho wa mwezi baba akaja na sproketi ya mbele, ile gia ya kuvuta mnyororo, yenye meno machache, aliyoipata kwa fundi wa Handeni kwa maelezo ya mzee. Hiyo ilizua ubishi mezani, maana baba alisema kwa meno hayo kipikipiki kitapungua kasi. Mzee akamkubalia. "Kasi ya tambarare haimsaidii mkeo," alisema. "Watoto wako juu kilimani. Tunakipa nguvu ya kupanda, tambarare itajijua."

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumapili, na mimi ndiye niliyekuwa mzigo. Nilipakiwa nyuma na sanduku la baridi limejazwa mawe mapajani mwangu, kwa kuwa mzee alisema mashine isiyopimwa na mzigo inakudanganya. Yeye alikaa chini ya kilima, kwenye jiwe la pembeni mwa barabara. Mama akakanyaga, injini ikashika, tukaenda. Pale ambapo siku zote sauti ilikuwa inaanza kusinzia, nilimwona mama amekaza mgongo, amejiandaa kwa pedeli. Sauti haikusinzia. Ilipanda, ikawa nene, ikaendelea, na kilima kikaanza kupita chini yetu polepole, mti kwa mti, mpaka tukafika juu na miguu ya mama haijakanyaga hata mara moja. Alisimamisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipochungulia nikaona anacheka, machozi yamemlenga. Tuliposhuka mzee alikuwa bado amefumba macho. Akamwambia mama, "Kwenye kona ya pili ulikaza mkono mapema. Usikiharakishe. Ngoja kikuombe."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Mama alifika Kerenge barafu ikiwa bado mapande, akachanja wote, akapanda vitongoji vya juu, akarudi na mchana. Kina mama walipeana habari kwamba Nesi siku hizi anawahi, wakaja wengi zaidi. Na Babu Fundi alipata watu tena. Alikuja mwenye pampu ya kumwagilia mpunga, akaja mwenye kinu, kila mmoja akileta na mikono ya kufungulia. Akawa anavaa ovaroli lake la zamani hata siku ambayo hakuna kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo miaka mingi sikulisimulia.

Kipikipiki kile kilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kuchanganya ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na kidumu na kifuniko cha chupa ya chai. Hapo awali tulitia vifuniko viwili kwa kidumu. Siku moja mzee alitazama moshi, akamwambia mama, "Bado mwingi. Oili imezidi, inakilemea. Tia kimoja na nusu." Tukatia kimoja na nusu, na kweli kikawa chepesi zaidi. Nililiona kwa macho yangu. Nikalitafakari kwa akili ya miaka kumi: kama kupunguza kidogo kumekifanya chepesi, kupunguza sana kutakifanyaje?

Usinifikirie kwamba nilikuwa mtundu. Nilitaka mama arudi mapema. Siku za chanjo nilitoka shule nikamkuta bibi peke yake, na jua likianza kushuka nilikaa kwenye kona ya barabara kusikiliza ile sauti inakuja. Nilijua kila dakika ya kusubiri ilivyo. Basi asubuhi ya safari ya vitongoji vya juu, mama akiwa anapanga chupa zake kwenye barafu, nilitia nusu kifuniko. Nilitikisa kidumu vizuri, nikajaza tangi, nikafuta ukingo wake kwa kitambaa. Mama akaniambia asante mwanangu. Kipikipiki kiliondoka bila moshi hata kidogo, na mimi nikaenda shule moyo mweupe.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba kwenye kilima kirefu, jua limeshakuwa kali, injini ilitoa mlio mkali mmoja na gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Mama akaanguka kwa magoti. Alikiacha kipikipiki majanini, akajitwika sanduku kichwani na kupanda kwa miguu. Alipofika barafu ilikuwa maji. Kina mama walikuwa bado wapo, kwa sababu siku hizi Nesi anawahi. Akawaeleza. Kulikuwa na mmoja aliyetoka mbali kuliko wote, mama alimwambia bibi jioni ile, binti mdogo mwenye mtoto wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfunga mtoto mgongoni upya, akasema, "Sawa, Nesi," akaondoka.

Mama alirudi jioni, vijana wawili wa kule wakimsukumia kipikipiki, gurudumu la nyuma wameliinua juu. Magoti yake yalikuwa yamechunika. Bibi akaweka maji ya moto. Nilisimama mlangoni, nikakikumbuka kile kifuniko.

Babu Fundi alikuja usiku haujaingia. Aliomba mama akanyage pedeli. Haikuzunguka. Akaweka kiganja chake kwenye injini kama mtu anayepima homa, akakaa nacho hapo kwa muda. "Nilikisikia asubuhi kikitoka," alisema. "Nilikisikia kizima kabisa. Mikono imekwisha, Nesi, na sasa naona masikio nayo." Mama akasema, "Usiseme hivyo, mzee." Lakini alishageuka, anapita kwenye mihogo kurudi kwake.

Siku iliyofuata bwana mmoja kutoka ofisini alikuja kukitazama, akauliza nani alikifungua, akaandika. Dukani watu walisema mzee yule wa kutetemeka ameua chombo cha serikali. Mwenye pampu akaja kuchukua pampu yake haijamalizwa. Bibi alinituma na sahani ya chakula kwa mzee, nikaikuta ile ya jana imefunikwa, haijaguswa. Ovaroli lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Alinipokea sahani akaniambia, "Ahsante mjukuu wangu. Mwambie bibi asijisumbue." Nikarudi mbio.

Mama alichukua siku zake mbili za mapumziko, akazitumia kupanda kule juu kwa miguu na sanduku jingine la kuazima. Waliorudi walichanjwa. Yule binti aliyetoka mbali hakurudi. Mama aliambiwa mumewe amepata kibarua sehemu nyingine, wamehama. Sikuwahi kujua mtoto wake alikuwaje, na hilo bado ninalo.

Siku ya sita, baada ya shule, sikwenda nyumbani. Nilipita kwenye mihogo moja kwa moja. Mzee alikuwa barazani na kamba yake ya mkonge, ila hasokoti, ameishika tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeletwa na nini? Sahani ipo pale."

Nilimwambia. Nilianzia kwenye moshi, nikazunguka, nikalia katikati, nikasema petroli na oili na kidumu, na yeye akanisubiri mpaka nikamaliza.

"Vifuniko vingapi?" akauliza.

"Nusu, babu."

"Nusu. Badala ya kimoja na nusu."

"Ndiyo, babu."

Nilingoja hasira. Yeye alitazama barabara. Halafu akasema, "Hebu rudia. Rudia polepole."

Nikarudia. Akafumba macho kama alivyofanya siku ile chini ya kilima, akanisikiliza kila neno. Nilipomaliza alipumua kwa kina, mabega yakashuka, na ndipo nilipoelewa kwamba hakutaka nirudie ili kuniadhibu. Alitaka kulisikia tena. Akasema, "Kumbe kilikuwa kizima. Nilisikia sawa." Kisha akainuka, akachukua ovaroli msumarini, na ikabidi nimsaidie vifungo.

Njiani, kwenye mihogo, alinieleza neno ambalo ndilo pekee nililopewa kama adhabu. "Oili inakifanya kizito, ni kweli. Lakini ndiyo inayovipatanisha vyuma visiumane. Ukitaka mwendo, punguza kwa kipimo. Ukipunguza kwa hamu, unaua." Nyumbani alimwambia mama mbele ya bibi, kwa kifupi, kwamba ni mafuta, na mtoto amesema mwenyewe. Bibi akashika kiuno. Mama alinitazama muda mrefu, akanivuta akanikumbatia, akasema, "Lete sahani ya nati."

Injini waliifungua siku hiyo hiyo. Pistoni ilikuwa imechunika na kung'ang'ania, lakini ringi ilikuwa haijavunjika. Siku mbili mama aliisugua kwa msasa laini na maji ya sabuni, mzee akimwambia wapi na kiasi gani, mpaka ikapita bila kugusa. Jumamosi kikawaka. Hakikuwa na nguvu zile za mwanzo, ila kilima kilikipanda. Waliouliza dukani, mzee aliwajibu kwamba mafuta yalichanganywa vibaya. Nani kachanganya, hakusema, na mtu aliyesisitiza aliambiwa anunue chumvi yake aende. Mwenye pampu alirudi na pampu, akiangalia chini.

Baadaye tulihama. Mama alihamishiwa Korogwe mjini, kipikipiki kikabaki kwa mtumishi mwingine, na sijui kilimalizikia wapi. Watoto wa Babu Fundi walikuja kumchukua kumrudisha Handeni alipozidi kudhoofika, na huko ndiko alikozikwa. Nilipita Magoma miaka michache nyuma. Mihogo yetu imekuwa uwanja wa kuegesha bodaboda, vijana wanazipeleka kwa fundi ambaye anabadilisha kifaa kizima kwa kipya, na sidhani kuna anayefumba macho kusikiliza. Siwalaumu. Chanjo sasa zinapanda kule juu na gari, barabara imechongwa, na hilo ni jema, ningelitaka liwe hivyo tangu wakati ule.

Mama yupo, tunakaa wote hapa Korogwe. Majuzi tulikuwa tunachambua mbaazi, nikamgusia habari za siku ile, nikamwambia nashukuru alivyonipokea nilipokiri, maana lazima lilimshtua.

Akaendelea kuchambua. "Halikunishtua," akasema. "Nilijua pale pale kilimani. Nilitia kidole kwenye tangi, nikasugua. Hakikuteleza, oili haikutosha."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Nilitaka useme mwenyewe. Nikajiambia, akisema mwenyewe atakuwa mtu. Nikakungoja. Kesho, kesho kutwa." Akatoa jiwe moja kwenye ungo. "Nilikuwa nakulea wewe, na mzee wa watu yuko ndani kwake hali chakula. Siku sita. Sikuwahi kumwambia."

Nilimhesabia miaka yake ya wakati ule nikaona alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, peke yake na kazi na mtoto na magoti yaliyochunika, na nikataka kumwambia asijali. Lakini nisingesema kweli, na yeye angejua. Tukachambua mbaazi mpaka zikaisha. Kama pale ng'ambo ya mihogo pangekuwa bado na mlango wa mzee, nadhani tungebisha hodi wote wawili, mama mbele na mimi nyuma yake, tukatoa shikamoo, tukaingia, na safari hii angeanza kusema yeye.